Shemeji Yangu Bado na Gia Namba Mbili

Shemeji yangu ni fundi wa magari. Watu wanamwita Bado, maana ukimuuliza gari lako limefikia wapi, hilo ndilo jibu. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa likitumiwa na dada yake tu, naye ameondoka nalo.

Ana miaka thelathini na nane katika kazi hiyo. Hajawahi kuharakisha hata siku moja. Kwake haraka ni ugonjwa wa wateja, na dawa yake ni benchi. Benchi liko pale pale kwenye karakana, ubao mmoja juu ya rimu mbili. Yupo mtu aliyeleta gari akiwa mchumba, akaja kulichukua ameshika mkono wa mtoto anayetembea.

Karakana yenyewe ni bati nne na ukuta wa kuazima. Ukuta ulikuwa wa mke wangu. Yeye alikuwa upande wa pili, akishona viti. Makochi, viti vya magari, matandiko ya pikipiki, chochote kinachokaliwa. Kaka anafungua injini huku, dada anapiga sindano kule, wanasutana kupitia dirisha lisilo na kioo.

"Hilo gari hujamaliza?"

"Bado kidogo."

"Mwenyewe atazeeka hapo nje."

"Akizeeka utamshonea kiti cha kuegemea."

Mimi nilimwoa yule wa upande wa pili. Huyu wa upande huu nilipewa kama nyongeza.

Ufundi wake aliupata kwa kulala chini ya magari ya watu na kutazama. Hupima kwa ukucha. Injini huisikiliza kwa kuweka bisibisi sikioni, anafumba macho, anatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, kisha anakupa hiyo habari mbaya. Hajawahi kukosea. Hilo ndilo linaloudhi. Angekuwa mzembe wa kuanza na mzembe wa kumaliza ungelipeleka gari kwa mwingine na roho yako ikatulia.

Mlangoni aliandika ubao: INJINI. BREKI. GIA. USHAURI. Hilo la ushauri alimwongezea dada yake, kwa sababu ndiyo bidhaa pekee iliyotoka pale bila kuchelewa. Miezi saba iliyopita alichukua brashi na rangi nyeusi akafuta GIA. Mtu aliyekuja na shida ya gia alioneshwa barabara.

Sababu naijua. Sababu imeegeshwa uani kwangu.

Gari letu lina umri wa kuwa na wajukuu. Mkono wa gia ulikuwa umelegea miaka minne. Ukiushika unazunguka kama mwiko kwenye sufuria. Namba moja unaipata kwa bahati, namba tatu kwa dua, na rivasi huja yenyewe siku inapopenda. Mke wangu aliliendesha bila kulalamika. Mimi nililalamika bila kuliendesha. Kila mtu na kazi yake.

Shemeji nilimwambia mara nyingi.

"Shemeji, hii gia inacheza."

"Nimeiona."

"Sasa?"

"Bushi zimekwisha, zile pete za plastiki. Si ya kutisha. Niachieni gari siku moja."

Siku hiyo haikupatikana. Yeye akiwa na nafasi, dada yake ana viti vya kupeleka. Dada akiwa hana viti, kaka ana magari sita yaliyoota majani. Kwetu kinachotembea hakitengenezwi. Hicho kikitembea kwa kuchechemea tunakipa pole tu.

Halafu siku moja, saa sita mchana, mke wangu akaweka sindano mezani akasema mkono hauna nguvu. Nilipomtazama mdomo ulikuwa umekwenda upande. Nikamwingiza kwenye gari.

Hospitali iko juu ya mlima. Mlima wenyewe mfupi, lakini umesimama kama ukuta. Aliyeamua wagonjwa wapande hapo nadhani alitaka wafike waliopona tu. Katikati ya mlima gari likalemewa, nikabadilisha gia, likazima. Nikawasha, likazima tena. Likarudi nyuma, gurudumu likaingia mtaroni. Watu wakaja, wakainua, wakasukuma. Robo saa ilikwenda pale.

Aliishi siku tatu. Daktari alituita mimi na shemeji akatueleza: mshipa uliopasuka kichwani ulikuwa mkubwa, na robo saa isingebadilisha kitu. Aliyasema mara mbili, polepole, kama mtu anayezungumza na wazee wawili. Mimi nilisikia yote. Shemeji alisikia neno moja. Robo saa.

Baada ya maziko alinijia pale kwenye viti vya wageni.

"Ni gia," akasema. "Ni mimi."

Akaondoka. Uani kwangu hakukanyaga tena.

Na mimi nikanyamaza.

Hapa lazima niseme, msije mkaniona nina huruma mkadhani ndiyo tabia yangu. Gia haikunikataa siku ile. Pamoja na ulegevu wake wote, ilikwenda pale mkono ulipoipeleka. Kutoka namba tatu kwenda mbili unavuta nyuma huku unasukuma kushoto. Mimi nilivuta nyuma tu, maana nilikuwa nimegeuka namtazama mke wangu. Nyuma moja kwa moja ni namba nne. Gari la mlimani ukiliweka nne linazima, hata lingekuwa limetoka kiwandani asubuhi. Nikawasha likiwa nne vile vile, likazima vile vile. Mtu nisiyemjua ndiye aliyenitoa kwenye usukani baadaye. Akaweka namba moja mara ya kwanza, gari likapanda kama halijawahi kuwa na shida maishani.

Kwa hiyo nilijua. Kisha mwingine akasimama mbele yangu akasema ni yeye, nami nikamwachia. Mzigo ukipata mchukuzi wa hiari, nani anamkimbilia kumpokonya? Miezi saba nilipita karakana yake nikamwona amekaa kwenye benchi lake mwenyewe, hafungui chochote, nikamwamkia kwa mbali nikaenda zangu. Mume mwema, shemeji mwema.

Halafu wiki moja rivasi ilinigomea mbele ya duka la misumari. Gari limelala katikati ya njia, lori huku, mkokoteni kule. Nilipewa ushauri mwingi. Bwana mmoja aliniuliza kama gari hili lina makaratasi au lina kaburi. Binti yangu akapata habari. Yuko mbali lakini anasikia karibu. Mimi hakunipigia. Alimpigia mjomba wake.

"Mjomba," alimwambia, "mama alikuachia mtu mmoja tu. Ukimwacha kwenye lile gari utamzika naye."

Binti yangu hakufundishwa kuzungusha maneno. Hilo alirithi kwa mama yake. Kwangu alirithi masikio.

Jumamosi asubuhi nikasikia jeki inaburutwa kwenye kokoto. Shemeji yuko ndani ya geti, kabeba sanduku la spana, hajabisha.

"Hodi umeisahau?" nikamwambia.

"Sikuja kukuona wewe."

"Karibu ulione gari basi. Lipo, halijambo. Limekuulizia."

Hakucheka. Alikuwa amekonda, shati limebaki peke yake mabegani.

"Utakunywa chai?"

"Nikimaliza."

"Sawa. Nitawaachia wajukuu maagizo wakuchemshie."

Alianza kwa ndani. Akazungusha kirungu cha mkono wa gia akakitoa. Akafungua skrubu za kile kifuniko cha plastiki, akakiweka kwenye gazeti, na skrubu kando yake kwa mstari. Akanyanyua ule mpira wa mikunjo unaofunika shina. Akatazama ndani. Akainamisha kichwa zaidi.

Kutazama kwake kuna aina nyingi na mimi nimezisoma zote. Hii ilikuwa mpya.

"Shemeji, njoo."

Nikainama. Pale chini ya mkono, pini inapopita, panatakiwa pawe na bushi ya plastiki. Haikuwepo. Mahali pake palikuwa na pete ya ngozi. Ngozi nyeusi ya viti, tabaka tatu, imeshonwa kwa uzi wa nta. Mishono midogo, sawasawa, fundo limefichwa ndani.

"Uliweka wewe?"

"Mimi kifungo cha shati kinanishinda."

Hakuuliza tena. Ule mshono tuliujua sote wawili. Mimi nimeukalia miaka arobaini.

"Aliiweka lini?"

"Hakusema."

Angesemea nini? Alikuwa na kaka wa kuahidi na mume wa kulalamika. Akaona shughuli imepata wazungumzaji wa kutosha, akachukua sindano.

Shemeji akaibonyeza kwa ukucha huku na huku. Akashika shina akalitikisa.

"Hapa hapachezi," akasema. "Hapa pamekaza. Kinachocheza ni cha chini tu, kwenye fimbo inayokwenda giaboksi."

Kutoka mfuko wa shati akatoa bushi mbili mpya zilizokunjwa kwenye karatasi. Karatasi ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo mpaka imekuwa kitambaa.

"Hizo umenunua lini?"

"Zamani."

"Zamani ipi?"

"Wiki moja kabla ya siku ile," akasema, akaenda kuchukua jeki.

Nikasimama pale na kirungu cha gia mkononi kama chifu aliyepinduliwa.

"Basi toa hiyo ya ngozi uweke mpya," nikamwambia aliporudi. "Yule alikuwa fundi wa viti."

"Haitoki."

"Kwa sababu ni ya dada?"

"Kwa sababu imekaza. Kitu kilichokaza hakifunguliwi." Akaingiza jeki. "Weka mawe nyuma ya matairi. Ukijua yalipo."

Akatandika gunia, akaingia chini, ikabaki miguu. Kazi yangu ilikuwa kukaa ndani mlango ukiwa wazi, kushika mkono wa gia na kutii. Sukuma. Vuta. Moja. Mbili. Acha. Kila nikisukuma nilisikia chini kitu kinagonga, chuma kwa chuma. Akafungua bolti ya kiungo kile, ikatoka bila ubishi, nati yake ilikuwa imeshikilia kwa mazoea tu. Kisha mkono wake ukatokea pembeni, mweusi, una makombo kiganjani. Plastiki iliyosagika kama kinyesi cha panya.

"Ishike," akasema kutoka chini. "Hiyo ndiyo iliyomuua dada yangu."

Sikuwa nimepanga kusema. Lakini uso wake sikuuona, na kusema na miguu ya mtu si kugumu sana.

"Shemeji, haikuwa gia."

"Nipe spana ya kumi na tatu."

Nikampa.

"Siku ile niliweka namba nne."

Spana ikasimama.

"Nilikuwa namtazama yeye. Nilivuta nyuma tu, sikusukuma kushoto. Nikawasha ikiwa pale pale, ikazima tena. Yule bwana aliyetusaidia aliingia akaiweka moja bila tabu."

Miguu haikutikisika. Nikahesabu kokoto.

"Binti yako amekutuma," akasema.

"Hajanituma."

"Amekutuma. Amewaambia wote mnihurumie."

"Nikuhurumie wewe? Umefungia gari la mwalimu tangu mwaka juzi."

"Shemeji, sikiliza. Bushi ikifika hapa mkono hauna mbili wala nne. Hata ungesukuma kushoto kwa mikono miwili ungekwenda kokote. Yule bwana alipata bahati. Fundi hapa ni mimi."

Haya. Nimekaa na neno miezi saba, nimeling'oa kama jino, mwenzangu amelitazama amenirudishia. Kumbe hata lawama ina wenyewe, na wakishaizoea hawaitoi.

Akaendelea na kazi. Akasugua kiungo kwa tupa na kitambaa, akapaka grisi, akagonga bushi mpya ikaingia. Kisha akaniambia niushike mkono katikati kabisa, usiende mbele wala nyuma, kushoto wala kulia, mpaka aseme.

"Ukisogea wakati nakaza," akasema, "gia zitapatikana upande mmoja na kupotea upande wa pili. Shika kama mtu mzima."

Nikashika kwa mikono miwili. Alikaza mpaka nikahisi nguvu yake inapanda kwenye chuma na kuja viganjani mwangu. Akaweka washa, ile pete ya chuma inayozuia nati isilegee, na nati mpya, akakaza tena. Akatoka chini, akafuta mikono kwenye suruali ambayo tayari ilikuwa chafu kuliko mikono.

Nikajaribu. Moja, tak. Mbili, tak. Tatu. Nne. Ukiuachia mkono unarudi katikati na kusimama, kama mtoto wa bweni.

"Sasa chai," nikasema.

"Gia hupimwa mlimani. Endesha."

"Endesha wewe. Fundi si wewe?"

"Utaendesha wewe, nikusikilize."

Tukaenda. Yeye kiti cha pembeni, magoti yamebanana, sikio ameliinamisha kuelekea chini. Mtaani kote gia zilikubali moja baada ya nyingine na yeye akawa anaguna kwa kila moja. Tukafika mlima ule. Nikaingia na namba tatu na mwendo wa kutosha, na katikati, pale pale, injini ikaanza kulalamika.

Nikamtazama. Sijui kwa nini. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo, na nikaona ana taya la dada yake. Miaka arobaini na kitu nimekaa na uso ule na sikuwahi kuliona hilo.

Nikakanyaga klachi, nikavuta gia.

Gari likatetemeka likazima.

Nikavuta handibreki. Nyuma yetu mtu akapiga honi, kisha akatuzunguka huku akitutukania wazazi. Sote wawili tulikuwa tunatazama chini, mkono wa gia uliposimama. Nyuma, katikati. Namba nne.

"Umefanya makusudi," shemeji akasema.

"Ningekuwa na akili ya kufanya makusudi ningekuwa fundi."

Akaushika mwenyewe. Akautikisa, haukucheza. Akautoa akaupeleka mbili. Akaurudisha nne. Mbili. Nne. Vidole vinne kati yake, na kila moja imekaa mahali pake kama ilivyoandikwa. Bushi aliigonga mwenyewe, nati aliikaza mwenyewe. Hakuwa na mtu wa kumlaumu chini ya gari.

Gari jingine likapita.

"Ulikuwa unaniona nafuta ubao," akasema.

"Nilikuona."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Nimefukuza wateja wa gia miezi saba."

"Wengine wanakushukuru. Wamepata magari yao."

Maneno hayo yaliniponyoka. Nilidhani atashuka arudi kwa miguu, na ningemwelewa. Hakushuka. Akatazama mbele, kwenye kioo.

"Siku ile alisema kitu? Humu ndani?"

Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Binti yangu hakuuliza, daktari hakuuliza.

"Alisema."

"Alisema nini?"

"Aliniambia tazama barabara."

"Kwa mdomo ule?"

"Kwa mdomo ule. Yalitoka yamepinda, lakini nilielewa. Alikuwa ameniambia maneno hayo hayo miaka yote."

Shemeji akacheka. Kilianza kama kicheko, mabega yakapanda na kushuka, akaweka mikono yenye grisi usoni na kicheko kikaendelea kikiwa kitu kingine. Nikamwacha. Nilikuwa na shughuli yangu ya kushika usukani wa gari lililosimama.

Baadaye akajifuta kwa mkono wa shati, akawa mweusi mpaka masikioni.

"Basi itazame," akasema.

Nikawasha. Namba moja, tukaondoka. Mbili, kushoto nyuma, ikaingia. Tukapanda mpaka juu. Mlinzi wa hospitali akafungua geti haraka, akachungulia kiti cha nyuma, akachungulia tena.

"Mgonjwa yuko wapi?"

Tukatazamana.

"Hatuna," shemeji akasema.

"Sasa mmekuja kufanya nini?"

"Kupima gia."

Mlinzi akautazama ule uso wa grisi na machozi, akautazama wangu, akaonesha pa kugeuzia. Aliongea kwa heshima sana, kama watu wanavyoongea na waliochanganyikiwa.

Kushuka nilitazama barabara. Tulipofika nyumbani alikusanya spana zake moja moja, akafunga sanduku. Chai aliikataa. Getini akageuka.

"Nimekukasirikia," akasema. "Ujue."

"Najua."

"Sijaanza hata."

Anakuja kila Jumamosi sasa. Anakagua gari ambalo halina tatizo, anakaa kwenye kiti cha uani, ananikasirikia mpaka jioni. Chai anakunywa, vikombe vitatu, bila kuniangalia. Wiki iliyopita alitengeneza gia ya lile gari la mwalimu, akaja kunieleza ilivyokuwa, kwa hasira, kuanzia nati ya kwanza mpaka ya mwisho. Wiki hii alinikumbusha nilivyokuwa naendesha mwaka tuliooana, na kwamba dada yake alionywa. Nilimwambia aliyemwonya alichelewa. Akasema ana mengine bado ya kuniambia. Nimeongeza kiti cha pili uani, kile cha ngozi kutoka ndani, maana cha mbao kinamuumiza mgongo.